Kaka Yangu Gundi na Matairi ya Mashindano

Siku ya maziko mchungaji aliuliza nani atasoma maisha ya marehemu. Nilisimama, nikafungua mdomo, nikakaa tena. Watu walidhani ni machozi. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijui nianzie wapi. Kaka yangu hakuongoza chama chochote, hakusoma sana, hakusafiri. Alifunga na kufungua matairi ya magari tangu ujana wake mpaka juma lile alilotutoka. Niliyoshindwa kuyasema pale kaburini ni haya.

Jina la Gundi alipewa na watoto wa mtaani tulipokuwa wadogo. Mpira wowote uliotoboka uliletwa kwetu, na yeye alikuwa na kopo lake la gundi ya kuzibia pancha alilolificha chini ya kitanda kama wengine wanavyoficha peremende. Aliziba mipira, aliziba ndoo, aliziba mwavuli wa mama, na mara moja aliziba soli ya kiatu cha mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, ambacho kiliganda na soksi humo ndani. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema, "Huyu mtoto iko siku atajigandisha ukutani, tuwe tunampita hapo kama picha."

Alipokua aliingia karakana ya matairi na hakutoka tena. Ilikuwa sehemu ya giza yenye sakafu ya zege iliyogeuka nyeusi, kompresa ya kujazia upepo inayonguruma pembeni, pipa la maji la kutafutia tundu, na matairi yaliyopangwa mpaka darini. Harufu ya mpira ilimwingia mwilini. Alioga kwa sabuni ya kufulia, akajipaka mafuta, akavaa shati safi la ibada, na bado ukikaa naye benchi moja kanisani ulijua umekaa karibu na tairi. Wifi yangu, mke wake, aliwahi kuniambia, "Nikilala peke yangu nakosa usingizi. Nyumba inanukia maua." Tulicheka sana siku hiyo.

Baba yetu alikuwa dereva wa lori maisha yake yote, mtu wa sauti kubwa na mikono mizito. Figo zake zilipokufa, sauti ile ilikwisha. Daktari alisema atasafishwa damu kwa mashine mara mbili kila wiki, na akiacha, maji na uchafu vitajaa mwilini na hatafika mbali. Alisema hivyo mbele yetu sote, bila kuzungusha maneno. Tangu siku hiyo nyumba nzima ilijua jambo moja: baba lazima afike kwenye mashine.

Wa kumfikisha alikuwa kaka. Alikuwa na gari dogo kuukuu, alilolinunua likiwa limekufa injini akalifufua kipande kwa kipande. Hospitali iko upande wa pili wa kilima, na barabara inapanda na kushuka kwa kona nyingi. Matairi ya gari lile yalikuwa ya kawaida, ya zamani, yenye mashavu laini ya pembeni. Kila kona gari liliinama kama mtu aliyebeba mtungi. Baba, aliyeendesha lori lenye tela maisha yake yote, sasa alikuwa anatapika njia nzima. Alifika hospitali akiwa amelegea, shinikizo la damu limeshuka, na mara nyingine wauguzi walikataa kumweka kwenye mashine mpaka atulie. Siku moja walimrudisha nyumbani bila kusafishwa. Kaka hakula siku ile.

Karakana yao ilikuwa na mteja mmoja, dereva wa magari ya mashindano. Huyo alikuwa hakai na matairi. Akishindana uwanjani mara chache tu anayatupa, maana kwake mpira ukishapungua nguvu kidogo ni takataka. Yalikuwa matairi mapana, yenye mashavu magumu, na usoni yana mifereji michache mifupi tu, karibu kuwa vipara. Mpira wake ni laini. Ukipata moto unanata. Kaka mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaambia vijana waliokuja kuyataka kwa ajili ya kujionyesha mjini, "Haya yametengenezwa kwa uwanja, mdogo wangu. Barabarani kuna mchanga, kuna maji, kuna mbuzi. Nenda kachukue ya kawaida."

Lakini yalilingana na rimu za gari lake. Akaomba manne, akapewa, akayafunga.

Sitasahau safari ya kwanza. Nilikuwa kiti cha nyuma na mfuko wa baba wenye blanketi na kopo la kutapikia. Tukapanda kilima, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, na gari halikuinama. Lilikuwa linapiga kelele kama nyuki, na kila jiwe tulilihisi mgongoni, lakini lilikwenda wima. Baba alikuwa ameshika mshikio wa mlango. Akauachia. Akamwangalia kaka.

"Gundi."

"Naam, baba."

"Hili gari limeshika barabara kama mtoto aliyeona mbwa."

"Unajisikiaje?"

"Nasikia njaa," baba akasema, na mimi huko nyuma nikalia kimyakimya kwa furaha, maana ilikuwa miezi hatujamsikia akitamka neno hilo.

Basi ikawa hivyo. Kopo la kutapikia likaachwa nyumbani. Baba alifika hospitali ana nguvu, akawekwa kwenye mashine bila kubishana na mtu. Nilimshukuru Mungu kwa matairi yale, tena kwa kuyataja.

Kaka alijua tabia ya matairi hayo kuliko sisi. Alijua kwamba yakiwa baridi hayanati, yanakuwa kama soli ya kiatu kipya. Kwa hiyo kila asubuhi ya hospitali, kabla ya kumchukua baba, alikwenda kwenye barabara tupu nyuma ya maghala, akakimbiza gari na kufunga breki, akaliyumbisha kushoto na kulia, mpaka mpira upate moto. Wapakia mizigo wa pale walikuwa wakimsubiri kama sinema.

"Gundi! Leo unashindana na nani?"

"Na mkweo," anajibu, anapita.

"Huyo kashalewa asubuhi!"

"Gari ndilo lililolewa, mimi nalisindikiza!"

Kisha anakuja mlangoni kwetu, anashuka, anagusa kila tairi kwa kiganja kama mama anayepima homa, na kusema, "Baba, viatu vimepata moto. Twende."

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona. Kwenda tulikwenda na matairi ya moto. Kurudi je? Baba alikaa kwenye mashine nusu ya siku, na gari lilikaa uani mwa hospitali muda huo wote, likipoa. Alitoka pale amechoka, kichwa kinazunguka, midomo mikavu. Huwezi kumyumbisha mtu wa namna hiyo kushoto na kulia ili upashe matairi. Kila mara alipoketi, baba alisema neno moja: "Taratibu, mwanangu. Kichwa hakijarudi mahali pake." Na kaka aliendesha taratibu kama mtu aliyebeba sinia la maji. Baiskeli zilitupita. Tulijiona tuko salama kabisa, maana tangu lini mwendo wa pole ukaua mtu? Na kwa kuwa ilikuwa kiangazi, barabara kavu, siku zikapita.

Wifi ndiye aliyeanza kuona mawingu. Jioni moja nilikuwa kwao, tunachambua mchele, akamwambia, "Baba watoto, mvua zinakuja. Yavue hayo, rudisha yale ya zamani."

"Nitayarudisha."

"Lini?"

"Kuku wako ameatamia humo."

Ni kweli. Yale matairi ya kawaida yalikuwa yamelazwa nyuma ya nyumba, na kuku wa wifi alikuwa amejitengenezea kiota ndani ya mojawapo, juu ya magunia.

"Mhamishe," wifi akasema.

"Ukimhamisha anasusa. Mayai yote yanaharibika. Halafu utaninunia wewe na yeye, nitakimbilia wapi?"

Wifi akacheka. "Haya, akitotoa tu."

"Akitotoa tu, mama watoto. Siku hiyohiyo."

Sote tulikubaliana hivyo, kwa kicheko, tukiendelea na mchele wetu. Na nimtendee kaka haki, majira ya mvua yalikuwa bado. Mvua iliyokuja iliwahi.

Asubuhi ile kulikuwa na jua. Alipasha matairi yake, akagusa kila moja, tukaenda vizuri. Mawingu yalikusanyika baba akiwa kwenye mashine, na mvua ikapiga bati la hospitali mpaka wauguzi wakawa wanaongea kwa ishara. Tulipotoka ilikuwa imebaki manyunyu, lakini uani kulikuwa na madimbwi na gari lilikuwa limesimama katikati ya dimbwi mojawapo. Nilimwona kaka akiinama na kubonyeza tairi kwa kidole gumba.

"Tusubiri barabara ikauke kidogo, baba?"

"Mwanangu, nina baridi. Nipeleke nikalale."

Kaka akavua koti lake akamfunika nalo, juu ya blanketi. "Basi tutakwenda polepole."

"Taratibu tu," baba akasema.

Tulipanda kilima bila tatizo. Kwenye mteremko wa upande wa pili, kabla ya daraja dogo, maji yalikuwa yanakatiza barabara kutoka kwenye mtaro uliojaa. Mbele yetu, mbali kabisa, lori lilikuwa limesimama likisubiri maji yapungue. Lilibeba nondo, na zilikuwa zimechomoza nyuma, zimefungwa kitambaa chekundu. Kaka alikanyaga breki mapema. Nataka hili lijulikane: alikanyaga mapema, katika mwendo ambao mtu anayetembea haraka angeweza kutufuata. Gari halikupungua. Liliteleza kama kipande cha sabuni kwenye sakafu ya bafu, bila mlio wala mtikisiko, na ule utulivu ndio unaonijia nikifumba macho.

Alisema, "Baba, jishikilie." Hakupiga kelele. Akakata usukani.

Gari likageuka ubavu, na upande wa kaka ndio uliotangulia kwenye nondo.

Watu wengi husema kwamba aligeuza makusudi, kwamba aliutoa ubavu wake ili baba apone. Labda. Mimi nilikuwa pale na siwezi kuapa, maana gari lile wakati ule lilikuwa halimsikilizi mtu. Ninachojua ni kwamba baba hakupata hata mkwaruzo, mimi nilivunjika kidole, na kaka hakutamka neno jingine. Nilimshika kichwa. Niliomba kwa sauti, maneno yoyote yaliyokuja. Dereva wa lori alikuja mbio, akatazama ndani, akavua kofia yake, akaiweka usoni.

Askari wa barabarani alipima, akapima tena. "Mlikuwa mnakimbia?" Nikamwambia hapana. Akatazama matairi, akapitisha kidole kwenye ile mifereji mifupi, akatikisa kichwa. Hakuandika kitu kwa muda mrefu.

Msibani ndiko baba alikojua. Fundi mmoja wa karakana ile, rafiki wa kaka, alikuwa amekaa na wanaume kwenye viti vya uani, na baba amelala dirishani upande wa ndani. Yule fundi hakuwa na nia mbaya. Mtu alimwuliza tu, imekuwaje mtu kama Gundi, tena kwa mwendo ule, akateleza? Akajibu, "Ndiyo hivyo, matairi yale yanataka moto. Ukiyaendesha pole ndiyo unayapoza. Baridi na maji, hayana mkono wa kushikia. Angekuwa ameyakimbiza kidogo toka hospitali, pengine yangeshika."

Nilikuwa namkanda baba miguu. Nilihisi miguu ile inakuwa migumu mikononi mwangu kama mbao.

"Umesikia?" baba akaniuliza.

"Usiwasikilize, baba."

"Mimi ndiye niliyemwambia taratibu. Kila safari. Taratibu, taratibu." Akageukia ukutani.

Siku ya mashine ilipofika, jirani mwenye gari alikuja kwa hiari yake. Baba akakataa kuamka. "Aliyekuwa ananipeleka nimemwua. Niacheni." Jirani akarudi. Siku ya mashine iliyofuata akakataa tena. Mchungaji akaja, akaomba naye, akamwambia yote ni mapenzi ya Mungu. Baba akamjibu kwa ile sauti yake ya zamani, ambayo sikuitegemea, "Mchungaji, Mungu usimsingizie. Yeye hakuwa na baridi. Mimi ndiye niliyekuwa na baridi."

Nampenda mchungaji wetu, lakini katika hilo nilikuwa upande wa baba. Namwamini Mungu, na ninaamini kaka yangu yuko kwake. Ila siamini kwamba alikaa akapanga maji yale yakatize pale na nondo zile zichomoze vile. Nilimwambia hivyo katika sala zangu, kwa hasira, na sikuona kwamba alinichukia. Nilichomwomba kilikuwa kimoja tu: nisizike wawili.

Maana baba alianza kuvimba. Uso ukajaa, macho yakawa mistari miwili. Miguu ukiibonyeza kidole kilibaki kimechora shimo. Usiku hakuweza kulala chali, alikaa amejiegemeza kwenye mito akipumua kwa mlio. Chakula kilimchefua. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikapiga magoti. Alinipapasa kichwa tu. "Umefanya yote, mwanangu. Nenda kapumzike."

Ndipo nikamwendea wifi. Nilikuwa naogopa kumwomba, mjane wa juzi, na watoto wake wawili bado hawaelewi mlango ukilia kwa nini si baba yao. Alikuwa anafua mashati ya kaka, yale ya kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajifuta povu, akajifunga kanga, akatangulia. Hakubisha hodi.

"Baba, nimekuja kukusema."

"Niseme, mkwe wangu. Una haki."

"Sijaja na haki. Nasikia umemwua mume wangu."

Nikashtuka. Baba akainamisha kichwa. "Ndiyo."

"Kwa kumwambia aende taratibu."

"Ndiyo, mama."

"Na kuku ni wa nani?"

Baba akanyanyua uso, hakuelewa.

"Kuku aliyelala kwenye yale matairi ya zamani. Kuku ni wangu, baba. Mimi niliyesema haya, akitotoa tu. Mimi niliyecheka. Vifaranga wametoka siku tuliyozika, nimewagawa wote pamoja na mama yao, siwezi kuwaangalia." Sauti yake ilikatika, akaikaza. "Sasa niambie. Wewe unakufa kwa sababu ya taratibu. Mimi nife kwa sababu ya kuku. Na wifi hapa akitafuta atapata sababu yake, hakosi. Tukishakufa sote hawa watoto tumwachie nani? Yule fundi wa kusema uani?"

Baba alikuwa anapumua ule mlio wake. Wifi akaketi kwenye ukingo wa kitanda, na sasa alikuwa analia, bila kujificha.

"Mimi siwezi kukusamehe, baba, kwa kuwa sioni la kusamehe. Na kama wewe unaliona, basi nisamehe na mimi, kwa sababu yangu ni kubwa kuliko yako."

"Wewe hukukosa," baba akasema haraka.

"Basi amka."

Ilichukua muda. Kisha baba akanyoosha mkono, ule usiochomwa sindano za mashine, na sisi wawili tukamshika huku na huku tukamwinua. Alikuwa mzito kwa maji. Jirani alileta gari mpaka kwenye kizingiti. Njia nzima baba alifumba macho, na tulipopita kwenye daraja dogo niliona midomo yake inasogea. Sikumwuliza anaomba nini.

Daktari alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Alisema moyo umeumia kwa kubeba maji yale yote, kwamba hautarudi kama ulivyokuwa, na kwamba kuanzia sasa tusitegemee miaka. Aliyasema mbele ya baba. Baba akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia.

Wakamlaza karibu na mashine. Muuguzi aliyekuja na sindano alikuwa yule mama mnene mcheshi aliyekuwa likizo, na hakuwa na habari. Alikuwa amezoea kutaniana na kaka, kumfukuza wodini kwa ajili ya harufu yake ya mpira.

"Mzee! Mbona umejaa hivi, ulikuwa unakunywa bahari? Na yule kijana wako yuko wapi, yule wa matairi? Mwambie leo aingie, nimemkumbuka."

Nikataka kumjibu mimi. Wifi akanigusa mkono.

Tangu ajali ile baba alikuwa amesema mengi: nimemwua, niacheni, mimi ndiye. Lile neno lenyewe alikuwa hajalitamka, hata kaburini.

"Amefariki," baba akasema.

Muuguzi akasimama na sindano yake hewani. Baba akakunja shati mpaka juu ya kiwiko, akaugeuza mkono, akauweka kwenye mto ili muuguzi apate mshipa.